Miche ya waridi la jangwani kuanguka

Dadangu, umeuliza kwa nini miche yako ya waridi la jangwani yaota vizuri kisha yalala. Itazame karibu: shingo, pale inapogusa udongo, imesinyaa kama uzi na kugeuka kahawia. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa miche uletwao na kuvu wapendao unyevu. Ulioanguka hauponi, ung'oe upesi pamoja na udongo wake.

Hapa Malindi hewa yenyewe ina maji, masika ndiyo zaidi, basi mbegu zikishaota ondoa nailoni uliyofunikia. Mimi hutumia mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, mafungu mawili kwa moja la mboji, nikaumwagia maji yanayochemka kwanza. Wa ufuoni una chumvi, uwache. Usinyunyize juu! Weka kopo la miche kwenye karai la maji, maji yapande kwa chini, juu pakilowa ulitoe.