Uji wa Jumamosi dukani: sufuria moja, watoto 30

Mwenye duka anayetaka kulisha watoto wa mtaa wake aanze na siku moja tu kwa wiki, na siku hiyo iwe Jumamosi. Baadhi ya shule zina uji, Jumamosi hakuna. Kulisha kila siku kisha kuacha baada ya mwezi ni vibaya zaidi, maana nyumbani walishapunguza cha kupika wakikutegemea wewe.

Kwa watoto 30, kila mmoja kikombe cha mililita 300, andaa maji lita 9, unga wa dona au ulezi kilo 1, karanga zilizokaangwa na kusagwa robo kilo, sukari robo, chumvi kijiko kimoja cha chai. Vuruga unga kwa lita 2 za maji baridi. Zile lita 7 zikichemka, mimina huku ukikoroga bila kupumzika, la sivyo utapata mabonge. Punguza moto, upike dakika 20. Karanga ziingie dakika 5 za mwisho. Watoto wakizidi, usiongeze maji matupu. Uji mwepesi hujaza tumbo, nguvu hauna. Pima unga mwingine.

Waulize wazazi mapema kama yupo mtoto anayedhurika na karanga. Huyo achotewe kwenye sufuria ndogo kabla hazijaingia, na upawa wake usichanganywe.

Unga uliosagwa pamoja na karanga tunaushauri uachwe: mafuta yake huchacha upesi, na huwezi kujua karanga zilikuwaje. Nunua nzima, chambua moja moja, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu, haitoki kwa kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Wala bidhaa iliyopitwa na tarehe isigeuzwe sadaka. Mtoto si jalala.

Fedha zitoke kwenye faida. Kila jioni ukifunga hesabu, weka kiasi kilekile kwenye kopo lake. Ukigusa mtaji, rafu zitaanza kuwa wazi, na sufuria itafuata.

Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa kabla ya siku ya kwanza. Tundika kibuyu chirizi (dumu lenye tundu la kuchirizisha maji ya kunawa) na sabuni mlangoni, watoto wanawe kabla ya kupokea kikombe. Picha zisipigwe. Na daftari la madeni lifungwe kabisa saa hiyo: mtoto ambaye mama yake anadaiwa unga wa wiki iliyopita akiulizwa habari za deni mbele ya wenzake, Jumamosi ijayo hatakuja.