Barua kwa mwanangu: hesabu iliyogoma kufika kumi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa usiku wa manane nimeusoma asubuhi. Unasema ni mwezi wa tatu sasa unajifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python, na jana umekesha saa mbili ukitafuta kwa nini programu yako ya kuhesabu moja hadi kumi inaishia tisa. Ukamalizia na swali: "Mama, hivi mimi nina akili ya haya mambo, au najidanganya?"

Sitakujibu kwamba una akili. Ungesema ndivyo mama wote wasemavyo, na ningekosa la kukujibu. Acha nianze na hiyo tisa.

Uliandika range(1, 10), ile amri ya kupanga namba, ukidhani umesema "moja hadi kumi", kama tunavyosema kwa mdomo. Python haisikii hivyo. Namba ya mwanzo inahesabiwa, ya mwisho inaachwa, kwa hiyo ilitakiwa 11. Hakuna anayezaliwa akilijua hilo. Ni uamuzi wa watu, tena una ubishi wake: mwaka 1982 Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta wa Uholanzi, aliandika waraka mfupi kutetea mtindo huo wa kuchukua mwanzo na kuacha mwisho, na wa kuanza kuhesabu na sifuri. Sasa nani huandika waraka kutetea jambo ambalo kila mtu analiona? Kosa la kuzidisha au kupunguza moja limewapata wengi mpaka wenye kazi hii wakalipatia jina lake. Wewe limekula saa mbili. Mimi liliwahi kula wikendi nzima, nikiwa tayari nalipwa mshahara.

Ila nadhani tisa haikukuumiza sana. Kilichokuumiza ni lile uliloandika kama la kupita tu: ukitazama video za mafunzo unaelewa kila kitu, ukifungua faili tupu mikono inakufa ganzi. Unaona huo ndio ushahidi kwamba huna akili. Mimi siuoni hivyo. Unaweza kumsikiliza mtu akisimulia hadithi, ukacheka panapochekesha na kushtuka panapotisha, halafu ukaambiwa usimulie wewe na sentensi ya kwanza isitoke. Nani atasema hujui lugha? Miezi mitatu umejifunza kusikiliza, kisha umejipa mtihani wa kusimulia. Halafu yule wa kwenye video, na hili linanikera kweli, mara nyingi amekwisha kata vipande vyote alivyokosea. Unaona nakala safi tu, huioni rasimu.

Basi simamisha video kabla hajaandika, uandike msimbo wako kwanza, yaani maagizo yako kwa kompyuta, hata kama ni mbovu, ndipo uendelee. Kesho yake futa yote, uanze upya bila kumtazama. Inachosha, na siku za mwanzo utajiona mjinga kuliko sasa hivi. (Na usinicheke ninaposema "msimbo". Hiyo "kodi" yenu, kila nikiisikia nadhani mwenye nyumba kaja.)

Jingine ni ujumbe wa kosa. Nakujua, ukiuona unaufunga haraka kama mtu anayekwepa kudaiwa. Nilikuwa hivyo hivyo. Jioni moja, miaka yangu ya mwanzo, Python iliniambia kosa liko mstari wa 14. Nikausoma herufi kwa herufi. Nikaufuta, nikauandika upya, kosa liko palepale. Mstari wa 14 haukuwa na kosa! Wa 13 ndio niliofungua mabano mara mbili nikayafunga mara moja, na kompyuta ikaendelea kusoma kwenda chini ikiyatafuta, mpaka ikakwama. Nililia usiku ule, nikiamini mashine imenigundua. Kumbe ilikuwa inanionyesha ilipokwama yenyewe. Nyie mmepata nafuu, maana tangu toleo la 3.10 lililotoka 2021 Python inakwambia waziwazi ni mabano yapi hayakufungwa. Lakini lazima usome. Anza na mstari wa mwisho wa ujumbe, ndiko aina ya kosa inakotajwa, kisha panda juu utafute namba ya mstari.

Umeuliza pia hali hii itaisha lini. Mwaka 1949 Maurice Wilkes, aliyeongoza ujenzi wa EDSAC pale Cambridge, mojawapo ya kompyuta za kwanza kabisa zilizohifadhi programu ndani yake, alikuwa kwenye ngazi, katika zile safari zake kati ya chumba cha kompyuta na vifaa vya kutobolea kanda za karatasi. Ghafla ikamjia kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itaishia kutafuta makosa katika programu zake mwenyewe. Na huyo ndiye aliyeijenga mashine! Haiishi, mwanangu. Mpaka leo nafungua faili nikaguna. Zamani nilikuwa najiuliza nina kasoro gani, siku hizi nauliza ni mstari upi.

Kama ni kwamba hupendi, hilo ni jambo lingine, na unaweza kuacha bila kumweleza mtu. Ila usiliamue saa nane za usiku.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakupigia. Fungua faili tupu, video zote zimefungwa, uniandikie programu ya kuhesabu kurudi nyuma, kumi hadi moja. Nitakuwa kwenye simu nimekaa kimya mpaka utakaponiuliza kitu. Ikiishia mbili, usikate simu.

Mama yako