Maswali na Majibu ya Lugha: Kitambaa Kilichogeuka Lawama

Fundi cherehani, Ngamiani: Mgeni aliutazama mshono wangu akasema ni “shoddy”. Je, alinitukana?

Jibu: Hakukutukana wewe, bali aliilaumu kazi yako. Neno hilo la Kiingereza husemwa pale kitu kinapotengenezwa kwa vifaa hafifu au kwa kulipua, na mara nyingi hubeba tuhuma kwamba aliyekitengeneza alijua anachofanya. Ikiwa uliacha pindo bila kufunga uzi, basi mgeni wako hakukuonea.

Msomaji, Chumbageni: Asili yake ni nini?

Jibu: Lilikuwa jina la kitambaa. Mnamo 1813 hivi, huko Batley, Yorkshire, nchini Uingereza, Benjamin Law alianza kuyachambua matambara ya sufu yarudi kuwa nyuzi, akazichanganya na sufu mpya na kuzisokota upya. Kitambaa hicho kiliwavalisha wengi wasioweza kumudu sufu mpya, na huko Batley hakikuwa aibu hata kidogo, maana ndicho kilichoukuza mji. Udhaifu wake ulikuwa katika nyuzi, kwa kuwa sufu iliyokwisha kufumwa, kuvaliwa na kuraruliwa mashineni hubaki vipande vifupi, na mtu wa Tanga aliyewahi kuona singa za mkonge zikipigwa brashi haulizi kwa nini zile fupi hutengwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, jeshi lilihitaji sare nyingi kwa haraka, na baadhi ya wakandarasi wakaleta za kitambaa hicho, nazo zikafumuka zikiwa mwilini mwa askari. Ghadhabu ya umma ndiyo iliyoligeuza jina kuwa kivumishi. Kwa maoni yangu kitambaa kilionewa, kwa sababu dhambi ilikuwa ya waliokiuza kama kitu kingine.

Muuza mitumba, Pangani: Na bidhaa yangu huitwa hivyo?

Jibu: La. Koti la mtumba limevaliwa, lakini ufumaji wake haujaguswa, na huenda likalishinda jipya la dukani kwa uimara.

Mwanafunzi, Muheza: Laweza kusemwa juu ya mtu?

Jibu: Ni nadra. Husemwa zaidi juu ya bidhaa, kazi, au namna mtu alivyotendewa, mathalani mgonjwa aliyeachwa kwenye benchi kutwa nzima bila kuelezwa lolote. Ukilifasiri, kwa kitambaa sema “hafifu”. Kwa fundi, sema amelipua.