Wa tatu kutoka kushoto

Mmeuliza: picha za zamani za mtaa zikae wapi, kwa wenyewe au kwenye hifadhi ya nyaraka? Kabla sijamaliza kusoma nilishajibu: kwa wenyewe. Hifadhini picha hupewa namba ya sanduku, na yule aliyesimama wa tatu kutoka kushoto anageuka "mwanamume asiyejulikana", ilhali mpwa wake yu hai na angemtaja papo hapo. Kwangu swali ni nani ameandika nini nyuma ya picha, na kwa kitu gani.

Iwe penseli laini, 2B, picha ikilala kifudifudi juu ya kitu kigumu, uandike pembeni bila kukandamiza. Kalamu ya wino huacha mtaro unaoonekana usoni, tena wino huhamia kwenye picha iliyo chini yake. Karatasi za picha zenye plastiki hazishiki penseli vizuri. Kwa hizo andika juu ya bahasha kwanza, ndipo utie picha. Na mwezi uliochapwa kwenye ukingo mweupe ni wa filamu kusafishwa, si wa picha kupigwa. Filamu iliweza kukaa miezi ndani ya kamera, harusi ya Desemba ikasomeka ya Aprili.

Lakini kuna albamu moja hainitoki akilini. Ni ya aina ile ya kurasa za gundi na plastiki ya kufunikia, zilizopendwa miaka ya 1970 na 1980. Ilitunzwa kabatini kwa heshima zote, na gundi ikageuka mistari ya kahawia. Mmoja wa kikundi cha kukusanya picha akabandua ya kwanza kwa kucha. Ikajikunja, na ufa ukapita katikati ya uso wa bibi harusi. Baada ya hapo kila ukurasa uliskaniwa kwanza ulivyo, kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), pamoja na maandishi yake. Kisha ukaja uzi wa kusafishia meno usio na ladha, sentimita 40 hivi: unaupitisha chini ya kona, unauvuta huku na huku kama msumeno, ukiulaza sambamba na ukurasa. Kinachokunjwa ni ukurasa. Picha ibaki bapa. Iliyogoma haikulazimishwa, ukurasa ulikatwa kuizunguka. Alasiri nzima, kurasa saba. Na nyuma ya picha nne yalikutwa majina, yamefichwa na gundi tangu siku albamu ilipojazwa.

Hapo nalegea. Aliyeyaficha majina si karani wa hifadhi, ni mwenye albamu mwenyewe, kwa mapenzi. Negativu, yaani vipande vya filamu ambavyo picha zilitolewa, ndizo hatari zaidi: zikinuka siki, plastiki yake imeanza kuoza, na mvuke wake huchochea zilizo jirani nazo zioze. Zitenge. Kabati haliwezi kupunguza kasi ya kuoza huko, baridi ndiyo inayoweza.

Basi negativu ziende hifadhini, picha zibaki nyumbani. Ila ziende na orodha ya majina, mtaa ubaki na nakala za skani zote, na iandikwe nani ana ruhusa ya kukubali zitumike. Hifadhi ikikosa chumba cha baridi, friza ya nyumbani ni afadhali, zikiwa ndani ya mifuko miwili iliyofungwa kabisa. Ukizitoa, usifungue mfuko hadi kesho yake, la sivyo umande utatua juu ya filamu.