Kwa nini apdeti ya simu inachelewa, na ufanye nini wakati unasubiri

Mkuu, umeuliza kwa nini mwenzako alipata apdeti wiki tatu zilizopita na wewe, mwenye simu ya jina lilelile, ukibofya unaambiwa mfumo wako tayari ni wa karibuni. Nilishapita hapo, na papara yangu ilinigharimu.

Google wakitoa Android mpya, haiji kwako moja kwa moja. Watengenezaji wa chipu, akina Qualcomm na MediaTek, huandaa kwanza programu za kuifanya kamera, modemu na vinginevyo vielewane na mfumo huo. Kisha kampuni ya simu inaweka mwonekano na programu zake, inajaribu, na kazi hiyo inarudiwa kwa kila modeli. Simu iliyouzwa na kampuni ya mtandao wa simu inaweza kupimwa tena huko. Apple wanaunda chipu, mfumo na simu wenyewe, ndiyo maana iPhone zote zinazostahili hufunguliwa mlango siku moja.

Baada ya yote hayo, apdeti hutolewa kwa mafungu. Wanaanza na watu wachache, hitilafu ikionekana wanasimamisha. Mwenzako aliangukia fungu la mwanzo, basi. Kuchelewa huko kunakulinda.

Mimi sikusubiri. Nilishusha faili mtandaoni nikaflashi mwenyewe, yaani nikaupakia mfumo mpya kwenye simu kwa mkono. Simu ikakwama kwenye nembo, inawaka na kuzima usiku kucha. Nilipokuja kulinganisha, namba ya modeli ya faili lile ilitofautiana na yangu kwa herufi moja tu ya mwisho. Kuifufua kulihitaji kufuta kila kitu, na picha za mwanangu za miezi sita ya kwanza zikaenda. Sikuwa na bekapu, nakala iliyohifadhiwa pengine. Tafadhali, weka bekapu leo, hata kama apdeti haijafika.

Halafu fungua Mipangilio, nenda sehemu ya kuhusu simu, utazame tarehe ya sasisho la usalama. Hiyo tarehe ina uzito kuliko namba ya Android. Karibu nayo kuna sasisho la mfumo wa Google Play, ambalo wengi hawalijui: tangu Android 10 ya mwaka 2019, baadhi ya sehemu za mfumo husasishwa kupitia humo bila kungoja kampuni ya simu. Libofye.

Angalia nafasi pia. Simu ya mama ilikataa apdeti mwezi mzima, kumbe ilijaa video za WhatsApp. Tulifuta, tukaiweka kwenye chaji na waifai, ikamaliza jioni ileile. Ikipata joto na kula chaji siku moja mbili baadaye, msishtuke, inapanga upya programu zake.

Ukija kununua nyingine, uliza itasasishwa mpaka mwaka gani, kwa sababu kwa kawaida miaka huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, siyo tangu uliponunua. Pixel 8 ya Google ya 2023 na Galaxy S24 ya Samsung ya 2024 ziliahidiwa miaka 7. Simu nyingi za bei ya chini hupewa michache mno. Na kama tarehe yako ya usalama imepita mwaka na kampuni imeshaacha kuihudumia modeli hiyo, hamishia programu za benki kwenye simu nyingine.