Maswali ya Mafundi: Fensi ya msumeno wa meza inayumba, ninunue au nitengeneze?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Keko hapa Dar, nina msumeno wa meza wa zamani, meza yake ya kasti (chuma cha kumimina) nzito, mota iko poa kabisa, shida ni fensi, ile reli ya pembeni ambayo mbao inaegemea wakati wa kupasua. Ni ile ya kubana mbele na nyuma, nikikaza mbele nyuma inahama, mninga unatoka na alama nyeusi za kuungua, na juzi kipande kilirushwa kikapita karibu na mbavu zangu. Bei ya fensi za kuagiza nimeona nikachoka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Naomba usipasue tena na hiyo mashine mpaka tumalize hili. Fensi yako inafunga kwa nyuma, yaani ncha yake ya nyuma inasogelea bledi, mbao inabanwa kati yake na bledi, na yale meno ya nyuma yanatoka chini yakipanda juu, yakiikamata mbao yanaiinua na kukurushia wewe uliyesimama mbele. Alama za kuungua na kipande kurushwa ni ugonjwa mmoja.

Ila kabla ya fensi pima bledi, wengi wanaruka hapa halafu wanalaumu fensi mpya. Chomoa umeme, tia alama jino moja kwa maka peni, lilete mbele upime kutoka kwenye mfereji wa meza (ule mtaro uliochongwa juu ya meza sambamba na bledi) mpaka kwenye jino, kisha zungusha bledi jino lile lile lije nyuma upime tena. Jino lile lile, maana bledi yenyewe inaweza kuwa imepinda kidogo ikakudanganya. Tofauti ikizidi 0.1 mm hivi, legeza bolti uweke sawa: mashine za kabati, zenye mota ndani ya boksi chini ya meza, mara nyingi unasogeza meza, zile za mota kuning'inia nyuma unasogeza kitanda kinachobeba bledi chini ya meza.

Sasa fensi. Ningekuwa wewe nisingehangaika na hiyo ya zamani, ningetengeneza ya umbo la T, mtindo ulioenezwa na Biesemeyer wa Marekani. Inabana mbele tu, nyuma inaelea, kwa hiyo hakuna ncha mbili za kugombana. Chuma cha L cha 75 kwa 50 mm unene 6 mm kifungwe kwa bolti kwenye ubavu wa mbele wa meza, juu yake bomba la mstatili la 75 kwa 50 mm, halafu fensi yenyewe bomba kama hilo lililochomelewa kwenye kichwa cha chuma cha L. Kutoboa kasti usiweke oili, toboa taratibu kavu, utaona unga mweusi unatoka kama ugoro. Na bomba la mbele likae chini ya mfereji wa meza, likipanda juu utaziba njia ya gaidi yako ya kukatia pembe.

Mchomeleaji atakwambia ataichoma iwe skwea, usimtegemee, moto lazima utavuta chuma. Siri iko kwenye skrubu mbili za kurekebisha, moja kila mwisho wa kichwa, zinazogusa lile bomba la mbele ya meza kwa nyuma yake huku mpini wa kufungia fensi ukilibana kwa mbele. Kichwa kiwe kirefu, 30 cm au zaidi, na kwenye ncha za skrubu weka plastiki ngumu, hata ya ubao wa kukatia nyama. Kwa hizo skrubu utanyoosha fensi ifuate mfereji, nyuma ikifunguka kidogo sana ni sawa, kufunga hapana. Ukishabana, sukuma ncha ya nyuma kwa kidole kimoja, ikisogea ongeza nguvu ya mpini. Pembeni ivike plaiwudi ya 18 mm iliyonyooka.

Na kama kile kisu cha nyuma ya bledi, kinachozuia mbao iliyopasuliwa isijifunge kwenye bledi, ulikitoa, kirudishe leo. Fensi nzuri haizuii mbao yenye mkazo ndani yake kujifunga yenyewe.

SWALI: Fundi, mimi ni dada mwenye karakana Morogoro, msumeno wangu ni mdogo, meza ya aluminiamu. Na mimi niweke hiyo?

JIBU: Hapana dada, kwa uzito huo meza itainama mbele na bolti zitang'oa aluminiamu. Tengeneza meza ya plaiwudi nene kuzunguka mashine, reli ya fensi (kile chuma cha L na bomba la mbele) ifungwe kwenye hiyo meza, mashine yenyewe usiitoboe.