Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mawe Yangu ya Zege Yanameguka?

SWALI: Salaam, Fundi. Mimi ni msomaji wenu wa Tanga. Nilinunua kalibu nne za plastiki zenye nakshi ya maua, nikatengeneza mwenyewe mawe 40 ya zege kwa ajili ya njia itokayo getini hadi barazani. Nilichanganya ndoo moja ya saruji kwa ndoo mbili za mchanga na tatu za kokoto ndogo, kama nilivyoelekezwa dukani, pamoja na rangi nyekundu ya unga. Mchanga niliuchota ufukweni kwa kuwa si mbali. Zege nililifanya jepesi kama uji ili lijae vizuri kwenye nakshi, na kila asubuhi niliyatoa mawe na kuyaanika juani yakauke. Hata miezi mitatu haijatimia, pembe zinameguka, nikifagia unatoka unga, na wekundu umefunikwa na weupe kama wa chokaa. Nimekosea wapi?

JIBU: Dada yangu, pole kwa kazi uliyoifanya kwa mikono yako mwenyewe. Kipimo ulichopewa dukani ni kizuri na sina la kukirekebisha. Kilichoyaharibu mawe yako zaidi ni maji, ambayo yalizidi wakati wa kuchanganya na kukosekana wakati wa kukomaza.

Nianze na huo uji. Saruji inahitaji maji kiasi tu ili igande. Yanayozidi hubaki ndani ya zege, na yakishatoka huacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hulifanya jiwe liwe dhaifu na linywe maji kila mvua inaponyesha. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 22 hadi 25 zinatosha ikiwa mchanga ni mkavu, na ukiwa umenyeshewa unapaswa kupunguza. Vaa glavu, kwa sababu saruji mbichi huunguza ngozi, kisha fumbata zege kiganjani: ukifungua mkono libaki donge lenye kung'aa kidogo, bila maji kuchuruzika vidoleni.

Ni kweli kwamba zege la namna hiyo haliingii lenyewe katika maua ya kalibu, na hapo ndipo wengi hushawishika kuongeza maji. Usiongeze, litikise. Panga kalibu juu ya ubao uliolazwa kwenye vipande viwili vya tairi kuukuu, zijaze nusu, kisha ugonge ubao kwa nyundo ya mpira, kutoka chini na pembeni, kwa dakika moja au mbili. Utaona viputo vya hewa vikipanda na kupasuka kimoja kimoja, na uso wa zege ukilala na kung'aa. Viputo vikikoma, jaza sehemu iliyobaki na urudie.

Kosa la jua, kwa maoni yangu, ndilo kubwa zaidi. Zege haliwi gumu kwa kukauka kama chungu kilichoanikwa, bali kwa saruji kuendelea kuungana na maji kwa siku nyingi. Ukilinyima maji mapema kazi hiyo hukatika, na hukatika kwanza usoni na pembeni, ambako unyevu hupotea upesi. Ndiyo maana pembe zako zimetangulia kumeguka. Yaache mawe ndani ya kalibu kwa saa 24, yatoe taratibu, yapange kivulini, yafunike kwa magunia yaliyoloweshwa na juu yake nailoni, ukiyamwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kuruka hata moja. Ukiweza kungoja hadi siku ya 28 kabla ya kuyakanyaga, ngoja.

Mchanga wa ufukweni uache kabisa. Chumvi yake huvuta unyevu na kujitokeza juu ya jiwe, na kuuchota kunaongeza mmomonyoko wa pwani yetu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya weupe unaouona huenda ni chokaa ya saruji yenyewe, ambayo huyeyuka katika maji yaliyomo ndani ya jiwe, hupanda juu na kuganda inapokutana na hewa. Zege zito lenye maji machache hutoa weupe mdogo. Kuhusu rangi, nunua oksidi ya chuma, ambayo haipaushwi na jua, na uichanganye na saruji ingali kavu, kilo 2.5 kwa mfuko zinatosha.

Mawe yaliyokwisha kumeguka hayatibiki. Yavunje, uyatumie kama kifusi.

SWALI: Je, ninaweza kupamba mawe kwa vipande vya vigae au alama za majani? Msomaji wa Morogoro.

JIBU: Unaweza, mradi ukumbuke kwamba sakafu ya kalibu ndiyo uso wa jiwe. Vigae vilowekwe kwanza visije vikanyonya maji ya zege, kisha vibandikwe kifudifudi kwenye karatasi yenye gundi iliyotandikwa chini ya kalibu. Kwa majani, napenda zaidi jani la mpapai: lilaze upande wenye mishipa iliyotokeza ukitazama juu, ndipo umwage zege. Kesho yake, ukilibandua, utakuta kila mshipa umechorwa. Paka kalibu mafuta kidogo ya kupikia badala ya oili chafu, ambayo huacha madoa. Tena, usitumie ndoo iliyowekwa juisi kabla ya kuiosha vizuri, kwa kuwa hata sukari kidogo huchelewesha saruji kuganda.

SWALI: Mawe ya sentimita 4 yanaweza kupitiwa na gari? Msomaji wa Dodoma.

JIBU: Hapana. Hayo ni ya watembea kwa miguu. Gari dogo linahitaji vitofali vya pevingi vya sentimita 6, na malori sentimita 8, vilivyoshindiliwa kwa mashine na kutandazwa juu ya tabaka la kokoto lililoshindiliwa pia. Kwa njia ya gari, nunua vya kiwandani.